Hema la Kamanda

Dereva alinishusha pale barabara ilipoishia, akanionyesha njia kwa kidevu, akageuza gari kabla sijamaliza kufunga mkanda wa begi. Kutoka hapo ilikuwa ni kupanda tu. Mwanzoni jua lilinichoma mgongoni, halafu likapotea kabisa, nikajikuta katikati ya mierezi mirefu kiasi kwamba ukiangalia juu shingo inachoka kabla macho hayajafika kileleni. Hewa ilikuwa ya baridi, na harufu ya stoo ya viazi. Kambi niliyoelekezwa sikuiona. Nilichokiona kwanza ni moshi, kisha birika jeusi juu ya mafiga, kisha mwanamke mrefu aliyejitundika bunda la kamba begani kama wenzake wanavyojitundika mkoba.

"Umechelewa au umewahi?" aliniuliza.

Nikamwambia sijui.

"Basi umewahi. Wageni wenyewe wanakuja kesho. Lete hema lako."

Hakuniuliza nataka kulala wapi. Alizunguka na hema langu kwapani, akapiga kisigino chini hapa na pale kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akaliinua, akakaza kamba, akapigilia mambo, vile vigingi vya kushikia kamba, kwa nyundo ya mti. Hadi hapo sikuwa na la kushangaa. Kisha akavua buti, akaingia ndani, akajinyoosha chali juu ya godoro langu na kufumba macho.

Nimelala kwenye hema na nyumba za wageni za nchi nyingi, na nimekaribishwa kwa lugha ninazozijua na kwa lugha ninazojifanya kuzijua. Sijapata kuona mwenyeji analala kabla ya mgeni. Nilisimama nje nimeshika viatu vyangu, nikisubiri nyumba yangu mwenyewe.

"Mama, kuna tatizo?"

"Nyamaza kidogo."

Nikanyamaza. Baadaye akatoka, akavaa buti bila haraka. "Kuna mzizi chini ya kiuno. Tunasogeza."

Tukasogeza. Akalala tena. Safari hii alitoka ameridhika, akanipa mlango kwa mkono, kama mwenye nyumba anayekabidhi funguo.

Ndivyo nilivyoijua sheria ya kambi ile. Aliyesimamisha hema ndiye anayelilalia kwanza. Analala chali, kimya, mpaka mwili umwambie mahali pale pakoje: kama kuna mzizi, kama ardhi ina mteremko wa kukuamsha umejikunja mlangoni, kama maji yana njia yao hapo. Zaidi ya yote anautazama mti. "Ukisimama unaona shina," aliniambia akichochea moto. "Shina halina neno. Mpaka ulale ndio unajua juu kuna nini." Na aliyelisimamisha ndiye anayelibomoa. Mtu hagusi hema la mwenzake.

Wafanyakazi wa kambi walimwita Bi Kamba, na yeye aliitika. Alikuwa na mikono ya mtu aliyefua sana zamani na kufunga mafundo sana sasa. Alicheka kwa nadra, na akicheka ilikuwa ni kwa kukucheka wewe. Nilipomuuliza kwa nini anafyeka njia iliyofungwa kwa miba upande wa juu wa kambi, wakati nafasi za chini zilikuwa wazi zote, alinijibu kwamba kesho anakuja mkubwa mmoja, aliwahi kuwa kiongozi wa kambi hii, na mwenye kambi ameagiza atengewe mahali pazuri.

"Kule juu ndiko pazuri?"

"Kuna kivuli," alisema, akaendelea kufyeka.

Alifyeka kama mtu anayenyoa kichwa cha mtoto wake: taratibu, bila kuruka mahali. Jioni, miguu yetu ikiwa karibu na majivu, alinieleza kwa nini.

Mume wake alikuwa mpishi wa kambi ile. Mtu wa mzaha, aliyeweza kupika ugali wa watu wazima kumi na tano huku akiigiza sauti ya kila mmoja wao. Bi Kamba mwenyewe wakati huo alikaa mji wa chini, akifua mashuka na mifuko ya kulalia ya kambi, na kila mzigo wa nguo chafu ulioteremka ulikuja na salamu za mumewe. Kiongozi wa kambi aliitwa Kamanda. Hakuwahi kuwa askari. Alikuwa na koti la mabaka na tabia ya kusimama mikono kiunoni, ikatosha. Alikuwa rafiki wa nyumbani. Alikula kwao, akamwita yeye shemeji, akabeba watoto wao mabegani.

Msimu mmoja kambi ilijaa. Kamanda alitaka nafasi ya mpishi, ile iliyo karibu na jiko, kavu na yenye joto, kwa ajili yake mwenyewe. Akamhamishia mpishi juu, chini ya mwerezi mmoja mkubwa, na kwa kuwa mpishi alikuwa na masufuria motoni, akamsimamishia hema yeye mwenyewe. Hakulilalia. Alikuwa na haraka. Mpishi alipiga simu nyumbani mchana huo, akiwa kwenye jiwe wanaloliita jiwe la simu kwa sababu ndipo pekee mtandao unapofika. "Kamanda kanihamisha," alimwambia mkewe. "Kanijengea na nyumba. Mambo ya wakubwa haya, mke wangu, siku hizi najengewa." Akacheka. Baada ya kuosha vyombo akaenda kujipumzisha. Tawi likamshukia.

Alipoteza mguu. Na kwa kuwa tawi lilimgonga na kichwa, alipoteza siku ile nzima, kuanzia chai ya asubuhi mpaka kitanda cha hospitali.

"Kamanda akasema hakuwepo," Bi Kamba alisema. "Akasema alikuwa chini barabarani kutwa nzima, anapokea wageni, aliporudi akakuta mtu ameshateremshwa. Akasema mpishi alijitafutia mahali mwenyewe, akajisimamishia hema mwenyewe, akajilalia bila kutazama juu. Akasema kule juu hajawahi hata kutia mguu. Mwenye kambi akaamini. Njia ikafungwa kwa miba. Mume wangu akawa ndiye mpishi mjinga asiyejua pa kulala."

"Na ile simu?"

"Neno la mke juu ya mume wake. Nani analipima?"

Lakini halikuwa hilo lililomkereketa. Kilichomkereketa ni kwamba mume wake naye aliamini. Hakuwa na kumbukumbu ya kumpinga Kamanda, na Kamanda alikuja hospitalini na machungwa, akakaa pembeni ya kitanda, akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, ulikosea, lakini tuseme ni ajali." Tangu siku hiyo mtu yule wa mzaha hakuamini tena makalio yake mwenyewe. Nyumbani kwake, kwenye viti alivyovinunua yeye, husimama na gongo lake na kumuuliza mkewe, "Hapa pako sawa?" Akijibiwa ndiyo, anakaa. Kwa kinyozi anauliza. Msibani anauliza. Kitanda walichokilalia tangu waoane, anauliza.

"Kila siku," alisema. "Mara ngapi mtu anakaa kwa siku? Hesabu wewe, mimi nimeacha."

Basi alipoona Kamanda amehama, amepata kazi nzuri kwenye kampuni ya watalii mahali pengine, yeye akapanda kambini kuomba kazi. Watu walisema maisha yamembana. Akajifunza kamba, mambo, turubai. Akawa ndiye anayepanga nani alale wapi. Na akasubiri. Alijua mtu kama Kamanda lazima siku moja arudi kuonyesha alikotoka.

"Na akija utamfanya nini?"

Alinitazama kama nimeuliza maji ya moto yanafanya nini. "Nitamsimamishia hema."

Sikupata usingizi mzuri, ingawa mzizi tulikuwa tumeukwepa.

Kamanda alifika kesho yake baada ya chakula cha mchana, akiwa na mke wake mpya na baba mkwe. Mke alikuwa msichana mtulivu mwenye viatu vyeupe ambavyo vilikuwa vimeshaacha kuwa vyeupe. Mkwe alikuwa mzee mfupi, dereva mstaafu wa malori, aliyebeba kiti chake cha kukunja mwenyewe na kukataa kupokewa. Mwenye kambi naye alipanda siku hiyo kuwalaki, na magoti yake yote mawili yakilalamika. Kamanda alikuwa amenenepa. Koti la mabaka lilikuwepo, jipya.

"Shemeji," alimwita Bi Kamba akiwa bado mbali, amefungua mikono. "Bado upo? Huzeeki wewe. Na mzee wangu hajambo?"

"Hajambo. Anakaa."

"Msalimie sana."

"Utamsalimia mwenyewe," Bi Kamba alisema, akampokea begi.

Wakati wa chai Kamanda aliisimulia kambi yote kwa mkwe wake. Miti karibu yote aliipanda yeye, kwa maelezo yake. Mzee alikunywa na kutikisa kichwa. Kuna aina ya kutikisa kichwa ambayo ni ya kukubali na kuna ya kuhesabu; sikujua hii ni ipi.

"Baba," Bi Kamba akamgeukia yule mzee, "huyu mkweo ndiye aliyetufundisha sisi wote kulala. Hapa hema halikabidhiwi mpaka mtu alilalie kwanza. Leo mwalimu amerudi, sitaki kumlalia mimi. Naona aibu. Nimesimamisha, lakini apime yeye. Twendeni wote mkaone mwalimu anavyopima."

"Ah, shemeji, una maneno wewe," alisema Kamanda, lakini alishasimama. Mke wake alitabasamu. Mwenye kambi akasema ni wazo zuri, akatafuta fimbo yake.

Njia ilikuwa imefyekwa mpaka ikawa mpya. Hakukuwa na miba wala ukoka, na kwa kuwa ilipindishwa kidogo mwanzoni, ilikuja kutokea upande wa nyuma wa kile kiwanja cha mpishi. Kamanda alitangulia akiongea. Mierezi ilikuwa kila mahali, yote sawa, yote na ndevu za kijivu zinazoning'inia, na chini yake giza lile la mchana. Hema lilisimama limekazwa vizuri sana. Dari lake lilikuwa la wavu, turubai la juu limekunjwa pembeni, na ndani godoro na mto vilikuwa vimeshatandikwa.

"Safi," alisema Kamanda. "Kazi safi." Akavua viatu, akaingia kwa magoti, akajilaza. Tulimsikia akivuta pumzi kwa mbwembwe kama mtu anayejitupa baharini. "Chini pako laini. Mteremko hamna. Maji hayapiti. Mnaona, baba? Mtu unatulia, unatazama juu, unasi..."

Tukasikia godoro likilia chini yake.

Bi Kamba akainama, akaivuta zipu ya mlango taratibu mpaka mwisho, akabaki amechuchumaa, kiganja chake juu ya ile zipu.

"Unaona nini, Kamanda?"

"Shemeji, fungua."

"Pima kwanza. Mti unasemaje?"

Nami nilitazama juu. Mwerezi ule uligawanyika kuwa mashina mawili, na mahali panapogawanyika palikuwa na kovu kubwa, limepauka, lenye umbo la mdomo uliofunguka. Mwerezi wenye kovu si kitu cha ajabu. Hata juu ya hema langu kulikuwa nao. Asiyewahi kufika pale asingeutofautisha. Kisha mti ukalia, mlio mfupi wa kukwaruza, kama miti mikubwa inavyolia jua linapoiacha.

"Fungua mlango," alisema Kamanda, na sauti yake haikuwa na koti tena.

"Umelala umeelekeza kichwa mlimani," Bi Kamba alimwambia kwa upole wa mtu anayemlaza mtoto. "Kama yeye alivyolala. Tulia basi. Sikiliza."

"Mimi nilimwambia aweke kichwa upande wa bonde," Kamanda alisema kwa nguvu. "Nilipomaliza kulikaza nilimwambia kabisa, ndugu yangu, kichwa weka bondeni, usikielekeze kwenye shina. Hakunisikia. Sasa hilo nalo ni kosa langu?"

Bi Kamba akaondoa kiganja. Akaivuta zipu mpaka juu, akasimama, akarudi nyuma hatua kadhaa kama mtu aliyemaliza kupika.

Kamanda alitoka kwa magoti. Soksi moja ilikuwa imebaki nusu mguuni. Alitutazama mmoja mmoja, na nadhani ni hapo alipoyasikia maneno yake mwenyewe, yakiwa yamechelewa njiani. Mwenye kambi alikuwa ameegemea fimbo yake kwa mikono miwili.

"Uliniambia ulikuwa barabarani," alisema mwenye kambi.

"Nilikuwa... nilipanda mara moja tu, nikashuka."

"Uliniambia kule juu hujawahi kutia mguu. Nikamfukuza mtu akiwa kitandani."

Kamanda akamgeukia Bi Kamba. "Shemeji, mambo haya ni ya zamani. Tungeongea nyumbani, mimi na wewe. Mbele ya mkwe wangu?"

"Ndiyo maana nikakusubiri uoe," alisema Bi Kamba.

Mke wa Kamanda alikuwa anaangalia viatu vyake. Baba yake alifungua kiti chake, akakaa pale pale kwenye njia, akaweka mikono juu ya mapaja. Aliuliza kitu kimoja tu. "Huyo mpishi yu hai?"

"Yu hai, baba," alisema Bi Kamba. "Na leo yuko karibu na simu. Nimemwambia asitoke."

Jiwe la simu liko juu kidogo ya pale, na kulifikia lazima upande kwa mikono. Kamanda alijaribu kusema ameacha miwani, kwamba simu yake haina chaji. Bi Kamba alishachomoa ya kwake. Mzee wa malori akasema bila kupandisha sauti, "Panda, mwanangu. Mimi nakusubiri hapa. Binti yangu pia anakusubiri. Ukishuka ndio tutajua tunarudi na nani."

Akapanda na soksi zake. Bi Kamba akapanda nyuma yake, akapiga namba, akaweka sauti kubwa. Kutoka chini tulisikia kila kitu, na nadhani jiwe lile lilichaguliwa kwa hilo pia.

"Mimi hapa, Kamanda."

"Kamanda." Sauti ya mpishi ilikuwa nyepesi na ya adabu. "Umenikumbuka."

Bi Kamba alikuwa amesimama na kamba zake begani, karibu naye kuliko ilivyo heshima.

"Lile hema," alisema Kamanda. "La siku ile. Nililisimamisha mimi. Mimi ndiye niliyekuweka pale. Sikulilalia."

Tulisikia gongo likigonga sakafu, mara moja, mara ya pili, mpishi akitembea nalo chumbani.

"Sikuchagua mimi," alisema mwishowe.

"Hukuchagua wewe."

"Subiri." Tukasikia kiti kikivutwa, mbao zikilia, na mtu mzito akikaa kwa kishindo. Hakuuliza. Bi Kamba alifumba macho yake kama alivyoyafumba ndani ya hema langu, akisikiliza. "Haya," alisema mpishi. "Nimekaa. Sasa rudia tena, polepole."

Kamanda alirudia. Mpishi alimrudisha nyuma kila alipokimbia neno. Alitaka kujua nani alipigilia mambo, nani alikaza kamba ya nyuma, machungwa ya hospitali yalinunuliwa wapi. Iliendelea mpaka shingo ya Kamanda ikawa imelowa, na Bi Kamba hakumpokonya simu hata mara moja kumsaidia.

Yule mzee na binti yake walilala kwenye hema za chini. Kamanda alilala ndani ya gari lake, kule barabara inapoishia. Asubuhi walishuka, na sikuona nani alikaa kiti cha mbele.

Bi Kamba naye alikuwa amefunga mzigo. Mwenye kambi alimfuata mpaka kwenye mafiga, akamwambia kwamba sasa ndio kambi inamhitaji, kwamba mume wake arudi, hata kwa kukaa tu, kwamba yeye mwenyewe atashuka kumwomba radhi.

"Shuka," alisema Bi Kamba. "Atakuambia ukae wapi. Lakini mimi kazi yangu hapa imekwisha. Nilikuwa nasubiri mgeni, na mgeni amekuja."

Nilimsindikiza mpaka pale msitu unapoanza kuwa mwembamba. Nilimuuliza kama moyo wake umetulia. Alilifikiria swali, nikaona kwamba alitaka kunijibu kweli.

"Ule mti niliuchunguza kabla hajaja," alisema. "Nilimlipa mkata miti akapanda mpaka juu. Hakuna tawi bovu. Na hema lile nilililalia mimi kwanza, usidhani. Sikuweza kumweka mtu bila kulala, hata yeye. Nimeshindwa." Akaweka vizuri kamba begani. "Lakini nilipokuwa nimelala mle, nilimwomba Mungu tawi limuangukie. Dogo tu. La mguu mmoja. Mpaka leo asubuhi bado naomba."

"Na lile hema? Tulibomoe?"

"Nani alilisimamisha?"

"Wewe."

"Basi liacheni."

Akateremka. Hakugeuka, na kwa jinsi alivyokuwa anatembea ulijua anakwenda mahali ambapo mtu amekaa.

Mimi nilibaki, kwa sababu gari langu lilikuwa la siku nyingine. Wafanyakazi wa kambi waliipita ile njia mpya bila kuingia, na mwenye kambi hakutoa amri. Mchana nilipanda peke yangu. Hema lilikuwa limesimama limekazwa vile vile, mlango wazi, na ndani yake mto wa Kamanda umelala upande wa mlimani. Vijiti vikavu vya mwerezi vilikuwa vimeanza kudondoka juu ya wavu, kimoja kimoja.